Jinsi ya Kugawa Chumba Kimoja cha Kulala Kuwa Vyumba Viwili vya Watoto: Mwongozo Kamili

Wengi wanaogawa chumba cha watoto huanzia pasipostahili. Wanapima urefu, wanagawa kwa mbili, wanasimamisha ukuta katikati. Mwezi haujaisha, chumba kimoja kinanuka unyevu, mlango unagonga kitanda, ukuta unatikisika mtu akiubamiza mlango, na nyufa zimejichora kila bodi zinapokutana. Makosa haya yote yanazuilika, na makubwa zaidi huzuilika kabla ubao wa kwanza haujakatwa.

Ukuta unaoelezwa hapa ni kiambaza chepesi: fremu ya mbao iliyofunikwa bodi za jipsamu pande zote mbili. Hakihitaji msingi, hubomolewa bila kuharibu nyumba watoto wakikua na kuondoka, na uzito wake ni sehemu ndogo tu ya uzito wa ukuta wa matofali. Kwenye sakafu ya ghorofani hilo ni jambo kubwa. Usijenge matofali juu ya sakafu ambayo haikuandaliwa kuyabeba.

Vipimo vyote vinafuata mfano mmoja: chumba chenye urefu wa mita 4.8, upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.6. Kiambaza kinakata upana, kwa hiyo kina urefu wa mita 3.6 na unene wa sentimita 10. Kila upande unabaki na chumba cha mita 2.35 kwa 3.6. Kama chumba chako ni tofauti, badilisha hesabu, usibadilishe utaratibu.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Vya kujengea

- Mbao kavu za mm 50 kwa 75 (inchi mbili kwa tatu): mita 35. Hizi ni ubao wa chini na wa juu, nguzo 7, safu mbili za vipande vya kukingama, na ziada kidogo ya makosa.
- Bodi za jipsamu za mm 12.5, ukubwa wa mita 1.2 kwa 2.4: bodi 7.
- Skrubu za jipsamu za mm 35: zipatazo 300.
- Skrubu za mm 100 na plagi zake za ukutani: 20.
- Skrubu za mbao za mm 75 hadi 90 za kuungia fremu: 100.
- Sufi ya mawe au ya kioo ya kupunguza sauti, yenye unene wa mm 50 hadi 75: mita 9.5 za mraba.
- Mkanda wa maungio, unga wa jipsamu wa kuzibia maungio, silikoni inayopakika rangi, msasa laini.
- Mlango, fremu yake, bawaba tatu na kitasa, kama mlango utakaa ndani ya kiambaza.

Vya kufanyia kazi

Futi ya chuma, pima maji yenye urefu wa angalau mita 1.2, timazi, uzi wa chaki, skwea, msumeno, drili, kisu kikali chenye wembe wa kubadilisha, turubai au karatasi ngumu ya kufunika sakafu, miwani ya kazi, na barakoa ya vumbi.

Mambo mawili kuhusu manunuzi. Kwanza, dari ya mfano wetu iko mita 2.6 na bodi ina mita 2.4, kwa hiyo juu patabaki mwanya wa karibu sm 20. Bodi ya saba ni kwa ajili ya vipande vya kuziba hapo. Wanaonunua sita hukwama siku ya mwisho. Ukipata bodi za mita 2.7 au 3, nunua hizo, maana zinakuondolea ungio zima.

Pili, mbao. Simama kwenye ncha ya kila ubao, funga jicho moja, uuangalie urefu wake kama unayelenga shabaha. Uliopinda kama upinde ukatie vipande vifupi. Uliojisokota kama parafujo urudishe dukani. Kisha zilaze mbao ndani ya chumba chenyewe siku nne au tano kabla ya kujenga. Ubao mbichi hukaukia ukutani, unasinyaa, na kila unaposinyaa unavuta bodi pamoja nao. Nyufa nyingi ambazo watu huzilaumu rangi au fundi chanzo chake ni hiki.

## Hatua ya 1: Chagua mstari wa ukuta

Hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika. Kabla ya kugawa nafasi, gawa dirisha na mlango.

Dirisha. Kila chumba cha kulala kinahitaji dirisha lake, linalofunguka kwenda nje. Mtoto analala usiku kucha ndani ya hewa hiyo. Chumba kidogo kisicho na dirisha hukusanya unyevu wa pumzi, kisha ukungu unaota nyuma ya kitanda mahali ambapo hakuna anayeangalia. Na moto ukizuka upande wa mlangoni, dirisha ndiyo njia iliyobaki. Dirisha lenye nondo zisizofunguka halihesabiki kuwa njia ya kutokea. Weka nondo za bawaba zenye komeo la ndani ambalo mtoto anaweza kulivuta bila ufunguo.

Kama chumba kina dirisha moja pana lenye vioo viwili au zaidi vinavyofunguka, elekeza kiambaza kwenye mhimili unaotenganisha vioo. Mhimili huwa mwembamba kuliko sm 10 za kiambaza, kwa hiyo ukatishe ukuta sm 15 kabla ya dirisha na umalizie na kipande cha plaiwudi ya mm 18, kikiwa na mkanda wa sponji kinapogusa fremu. Sauti itapenya kidogo hapo. Hilo linavumilika, kuziba kioo cha mtoto mmoja halivumiliki.

Kama dirisha ni moja na lina kioo kimoja, usijenge ukuta kamili. Simamisha kiambaza kinachoishia sm 40 chini ya dari ili hewa izunguke, na ukubali kwamba watoto watasikiana. Kuweka kioo sehemu ya juu ya ukuta kunapitisha mwanga, hakupitishi hewa, kwa hiyo kioo si jibu la chumba kisicho na dirisha.

Mlango. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kutoboa mlango wa pili kutoka kwenye korido. Ni nzuri kuliko zote, lakini ukuta huo ukiwa unabeba dari au ghorofa, kazi si yako. Tundu linahitaji lenta (boriti ya kubeba uzito) juu yake, na kabla ya kukata lazima uzito wa juu ushikiliwe. Ita fundi ujenzi anayeweza kukuonyesha ni nini kinachobebwa na nini.

Ya pili ni ukumbi mdogo. Mlango wa zamani ukiwa karibu na katikati, unajenga nafasi ya mita 1.1 kwa 1.1 nyuma yake, yenye mlango mmoja kushoto na mmoja kulia. Inakula mita 1.2 za mraba, ila kila mtoto anapata mlango wake. Milango mipya ifunguke kuingia vyumbani, isigongane ukumbini. Ule wa zamani unaweza kuondolewa kabisa.

Ya tatu ni chumba cha kupitia kingine. Itumie pale tu ambapo hizo mbili hazifai na chumba cha ndani kina dirisha la kutokea. Mtoto mkubwa alale chumba cha ndani, mdogo alale kile cha kupitia, karibu na wazazi. Mkubwa ndiye anayehitaji faragha zaidi, na ndiye anayeweza kujitoa dirishani peke yake.

Upana. Kitanda cha mtoto kina upana wa sm 90, njia ya kupita inahitaji sm 70, na meza ndogo au kabati sm 50. Jumla ni mita 2.1. Chumba kikishuka chini ya hapo kinakuwa korido yenye kitanda. Wala usilazimishe vyumba vilingane kwa sentimita: afadhali chumba cha mita 2.2 chenye dirisha lililokaa sawa kuliko cha mita 2.35 ambacho ukuta wake umeangukia katikati ya kioo.

## Hatua ya 2: Ujaribu ukuta kabla ya kuujenga

Bandika tepu ya karatasi sakafuni kufuata mstari, funga kamba juu, utundike mashuka. Panga vitanda vitakavyokaa. Watoto walale hivyo siku tatu.

Utagundua mambo ambayo futi haikwambii: mlango wa kabati haufunguki zaidi ya nusu, taa iko upande mmoja, feni haifikishi upepo, soketi zote ziko kwa mmoja. Kusogeza shuka ni dakika tano.

*Umefaulu kama* kila mlango unafunguka hadi mwisho, na mtoto anaweza kutoka kitandani hadi mlangoni gizani bila kugonga kitu.

## Hatua ya 3: Kagua kilichojificha

Zima swichi kuu ya umeme. Angalia soketi na swichi zilizo karibu na mstari wako. Nyaya huenda moja kwa moja juu au chini yake, au kwa mlalo kati ya mbili. Usitoboe kwenye njia hizo. Chumba kikipakana na bafu, tafuta mabomba pia.

Kisha tafuta mbao zinazobeba dari. Gonga dari kwa kifundo cha kidole ukisogea taratibu: penye uwazi panaita kama ngoma, penye ubao sauti inakufa. Hakikisha kwa kupigilia msumari mwembamba. Kiambaza kikikata mbao hizo, utakifunga kwenye kila moja. Kikienda sambamba nazo na kuangukia katikati ya mbili, lazima upande darini na kuweka vipande vya kukingama kutoka ubao hadi ubao kila baada ya sm 60. Kufunga ukuta kwenye bodi ya dari pekee ndiko kunakoufanya utikisike. Dari ya zege haina shida hii: toboa na uweke plagi.

## Hatua ya 4: Chora mstari

Piga uzi wa chaki sakafuni kwanza. Pandisha mstari kwenye kuta mbili kwa pima maji, halafu darini kwa timazi. Usipime darini upya kutoka kwenye ukuta wa pembeni, kwa sababu kuta nyingi hazijasimama wima. Ukiufuata ukuta uliolala, kiambaza chako nacho kitalala.

*Umefaulu kama* timazi inayoning'inia kutoka mstari wa juu inagusa mstari wa chini mwanzo, katikati na mwisho.

## Hatua ya 5: Simamisha fremu

Funga ubao wa chini sakafuni kwa skrubu za mm 100 na plagi, kila baada ya sm 60. Sakafu ikiwa na mabomba ndani yake, tumia gundi kali ya ujenzi badala ya kutoboa. Palipo na mchwa, paka dawa ubao huu pande zote nne, na ncha zake pia, maana ndiko mchwa anakoanzia. Funga ubao wa juu, halafu nguzo mbili za mwisho kwenye kuta.

Sasa alama za nguzo, na hapa tuliza macho. Nguzo zinakaa kila baada ya sm 60, lakini kipimo huanzia kwenye uso wa ukuta, si katikati ya nguzo ya kwanza. Bodi inaanzia ukutani na kuishia sm 120. Nguzo ya tatu ikiwa na katikati yake hapo hasa, bodi mbili zinakutana juu yake, kila moja ikipata mm 25 za kushikia. Ukianza kupima kutoka katikati ya nguzo ya kwanza, kila kitu kinasogea mm 25, na bodi inaishia ukingoni mwa nguzo pasipo na kitu cha kukamatia skrubu. Ni kosa la kawaida kuliko yote kwenye fremu, na huligundui mpaka bodi iko mikononi.

Kata kila nguzo kwa kipimo chake. Sakafu na dari hazilingani, na tofauti ya mm 10 kati ya kona mbili ni ya kawaida. Nguzo iingie kwa kugongwa taratibu na nyundo. Ikilegea itapiga kelele, ikibana sana itainua dari. Ifunge kwa skrubu mbili za mshazari juu na mbili chini.

Weka vipande vya kukingama kati ya nguzo: safu moja mita 1.2 kutoka sakafuni, nyingine mahali bodi ya mita 2.4 inapoishia. Ongeza vingine popote patakapofungwa rafu, kioo au ngazi ya kitanda cha ghorofa, na upige picha ya fremu ukiwa umeshikilia futi. Jipsamu yenyewe haibebi rafu ya vitabu.

*Umefaulu kama* ukiweka kiganja katikati ya fremu na kuisukuma kwa uzito wa mwili, haiendi popote.

## Hatua ya 6: Tundu la mlango

Kwa mlango wa sm 75 wenye fremu ya mm 30, tundu liwe na sm 84: mlango, fremu mbili, nafasi ya mm 3 kila upande wa mlango, na mm 10 za kurekebishia kila upande wa fremu. Simamisha nguzo mbili zilizoshikana kila upande wa tundu, maana hizo ndizo zinazopokea kishindo kila siku. Ubao wa chini uache ukatize tundu mpaka nguzo zote zisimame, ndipo uukate. Ukiukata mapema, pande mbili za ukuta zinapishana.

## Hatua ya 7: Umeme

Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni, na ifanyike sasa, fremu ikiwa wazi. Kila chumba kipate taa yake, swichi yake mlangoni na angalau soketi mbili. Ukiacha hivi, utaishia na nyaya za kurefushia zinazopita chini ya mlango na kukanyagwa kila siku, na ndizo zinazoungua.

Matundu ya nyaya kwenye nguzo yatobolewe katikati kabisa, mm 16. Kwenye ubao wa mm 75 yanabaki karibu mm 29 kila upande. Skrubu ya mm 35 ikipita kwenye bodi ya mm 12.5 inaingia mm 22 na ushei ndani ya mbao, haifikii waya. Ukitumia skrubu ndefu "ili ishike zaidi", usalama huo umeuondoa. Soketi za vyumba viwili zisiwekwe mgongo kwa mgongo; ziachane kwa nguzo moja, vinginevyo sauti inapita kama dirishani.

## Hatua ya 8: Funga bodi

Bodi moja ina kilo 25 hivi. Beba na mwenzako, ikiwa imesimama kwa ubavu, kwa sababu ikibebwa imelala inakatika. Kukata, chora mstari, pitisha kisu kwenye karatasi ya upande wa mbele, ivunje kwa kuikunja nyuma, kisha ukate karatasi ya pili.

Iinue mm 10 kutoka sakafuni, juu ya vipande vya mbao utakavyoviondoa baadaye. Jipsamu hunywa maji ya kudekia kama utambi unavyonyonya mafuta, na bodi inayogusa sakafu huvimba na kumomonyoka chini.

Piga skrubu kila baada ya sm 25, zisikaribie ukingo zaidi ya mm 12. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu, karatasi ibaki nzima. Kikipasua karatasi, skrubu hiyo haishiki kitu tena; weka nyingine sm 5 pembeni. Juu ya mlango, bodi ikatwe kwa umbo la herufi L ili ungio liangukie katikati ya mlango, lisikae kwenye kona. Ungio la kona hupasuka, hata likizibwa vizuri namna gani.

Ukimaliza upande mmoja, jaza sufi kati ya nguzo bila kuishindilia. Vaa glavu na barakoa. Upande wa pili anza na nusu bodi ya sm 60, ili maungio ya pande mbili yasikae kwenye nguzo moja.

Ziba kwa silikoni mwanya wa chini, wa juu na wa pembeni. Usiuruke. Sufi ya bei kubwa haisaidii kitu kama kuna mwanya wa mm 5 chini ya ukuta mzima.

## Hatua ya 9: Maungio

Paka unga uliokorogwa mzito kwenye ungio, laza mkanda, ukandamize kwa mwiko kutoka katikati kwenda nje hadi viputo viishe. Unga ukauke kabisa. Paka mara ya pili kwa upana wa sm 20, ya tatu sm 30, ukisugua kwa msasa kila mara unga ukikauka. Kuruka mkanda, au kupaka tabaka nene moja badala ya tatu nyembamba, ndiko kunakoleta nyufa.

*Umefaulu kama* ukimulika tochi kwa ubavu wa ukuta huoni kivuli cha ungio. Baada ya hapo ni rangi ya kwanza ya msingi (praima), rangi mbili za juu, na ubao wa pembeni mwa sakafu kuficha ule mwanya wa chini.

## Kama nyumba ni ya kupanga

Palipokatazwa kutoboa, kabati mbili refu zilizopewana migongo, moja ikitazama kila chumba, hufanya kazi nzuri kuliko pazia: zinakata sauti na kila mtoto anapata pa kuweka nguo. Zifunge pamoja kwa boliti juu na chini, na vitu vizito vikae chini. Mtoto hupanda droo kama ngazi, na kabati huanguka mbele. Kwa hiyo omba ruhusa ya angalau matundu mawili madogo ya mkanda wa kuishikiza ukutani, ambayo huzibwa kwa unga wa jipsamu siku ya kuhama. Kama mwenye nyumba atakataa hata hayo, tumia rafu fupi za kimo cha mita 1 na pazia la reli juu yake, usisimamishe kabati refu lisiloshikizwa mahali mtoto anapolala.